Likizo ya Sanduku Moja

Kwetu Mombasa mtu aliyetoka Dubai hatazamwi uso kwanza, hutazamwa buti ya gari aliloshukia. Nilipokwenda likizo yangu ya pili, dereva alifungua buti mbele ya nyumba ya wakwe zangu akatoa sanduku moja dogo, lile la kuingia nalo ndani ya ndege. Mama mkwe akasubiri. Dereva akafunga buti.

"Mengine yaja na meli?" mama mkwe akaniuliza, na usoni hakuwa na mzaha hata chembe.

Nikamwambia hakuna mengine. Swali hilo nilikuwa nimelingojea kwa miezi, na bado masikio yaliniwaka moto.

Sababu nilikuwa nayo, na ilikuwa imesimama pale mlangoni ikinitazama. Tangu tuoane, mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa pamoja likizo moja tu, ile ya harusi yenyewe. Baada ya hapo ilikuwa ni simu, na simu, na simu. Yeye aliishi kwa wazazi wake. Mimi niliishi Al Quoz katika nyumba ya kampuni, chumba cha watu sita, vitanda vya juu na chini, kila mtu na pazia lake la shuka. Nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii sirudi peke yangu.

Kumleta mke Dubai kulitaka mshahara wa kutosha na mkataba wa nyumba wenye jina lako mwenyewe. Mshahara niliupata nilipofanywa msimamizi wa mkahawa, chini ya mnara mmoja kule Jumeirah Lake Towers, tukiwauzia kahawa watu wa maofisini wanaoinywa wakitembea. Nyumba ndiyo iliyonitoa jasho. Wenye nyumba hawakutaka pesa ya mwezi kwa mwezi kama kwetu. Walitaka kodi ya mwaka mzima kwa hundi nne, umeziandika na kuzitia sahihi leo, kila moja na tarehe yake ya mbele. Na miaka hiyo hundi ikifika benki ikakuta akaunti tupu, hilo lilikuwa jambo la polisi, si la kuombana radhi.

Basi nikaenda benki kuomba kitabu cha hundi. Nilivaa shati la Ijumaa. Nilimkuta mama mmoja wa Kihindi, mpole, akaandika namba yangu kwenye kompyuta, akatazama, akanigeukia.

"Huonekani popote," akaniambia.

"Vipi sionekani, madam? Mshahara wangu waingia hapa hapa kila mwezi."

"Mshahara nauona. Lakini hujawahi kukopa kitu. Hatujui kama ukikopeshwa hulipa."

Nilikasirika, sifichi. Tangu nifike nchi ile nilikuwa sijadaiwa hata kikombe cha chai, na leo naambiwa hilo ndilo kosa langu. Nikamwambia, "Madam, mimi sidaiwi na mtu yeyote."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema, akacheka, na mimi nikajikuta nimecheka naye ingawa hasira haijashuka. Akanieleza kwamba miaka ile serikali imeanza kukusanya rekodi za watu wote, nani kakopa wapi na kalipa vipi, na benki haikupi hundi kabla ya kuisoma rekodi yako. Ushauri wake ulikuwa rahisi. Nichukue kadi ya mkopo yenye kiwango kidogo kuliko zote. Ninunue nayo kidogo tu, vitu ambavyo ningevinunua hata bila kadi. Kila mwezi nilipe yote, si kile kiwango cha chini wanachokuandikia, na nilipe kabla ya tarehe. Halafu nirudi.

Nikafanya vile vile alivyosema. Kadi yangu ilinunua mchele, mafuta ya kupikia, vitunguu na pesa ya simu. Siku nyingine zote ililala chumbani, ndani ya soksi, kwenye kabati lenye kufuli. Siku ya mshahara nilipita kwenye mashine ya benki kabla sijapita popote pengine, nikalipa yote, ndipo nikashika njia ya nyumbani. Wenzangu chumbani wakanipa jina la Mkono wa Birika. Ukisikia mlango wagongwa na mtu auliza, "Birika yupo?" ujue ni mimi natafutwa. Niliitika.

Aliyenicheka kuliko wote ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Yeye kaoa mkubwa, mimi nimeoa mdogo. Alikuwa mhudumu mkuu katika hoteli moja ya Dubai Marina, bahashishi za watalii zamtoka mifukoni, na mshahara wake ulikuwa juu ya wangu. Ni yeye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika mara ya kwanza, kabla sijamwoa shemeji yake, akanipa kitanda chake akalala chini wiki nzima, akanilisha mpaka mshahara wangu wa kwanza ukaingia. Anayekupokea Dubai hummalizi. Ukikaa miaka ishirini, akikuita unakwenda. Nilimpenda na nampenda bado.

"Wewe kadi ya mkopo wanunulia vitunguu?" alikuwa akiniambia, machozi ya kicheko yamtoka. "Watu kwa kadi hununua gari, wewe wanunua vitunguu!"

Yeye kadi zake zilikuwa tatu. Ya kwanza ilipojaa, vijana wa mauzo waliokuwa wakizunguka Marina na fomu zao wakampa ya pili, na ya pili akaitumia kulipa ya kwanza. "Benki yenyewe yanipigia simu kunibembeleza nikope," aliniambia kwa fahari, kama bwana harusi anayesifiwa na wakwe. Kila mwezi alilipa kile kiwango cha chini na kusema amelipa. Nilijaribu kumwambia. Akanijibu kwamba benki wana pesa nyingi kuliko sisi, hawatakufa njaa.

Baada ya mwaka na ushei nilirudi kwa yule mama wa Kihindi. Akaandika namba, akatazama, akageuza kompyuta nione mwenyewe. "Sasa unaonekana," akasema. Kitabu cha hundi kilikuja na mjumbe wa pikipiki mpaka mkahawani, nami nikakipokea kwa mikono miwili, mbele ya wateja, bila kujali.

Nyumba niliyopata ilikuwa chumba kimoja chenye jiko lake na bafu lake, huko International City, mtaa ambao majengo yake wameyapa majina ya nchi. Langu lilikuwa Ugiriki. Kodi ile nilikuwa nimeipigia hesabu mpaka nauli za basi, na pesa ya hundi mbili za mwanzo ilikuwa tayari imekaa benki. Nikasaini. Viza ya mke wangu ikatoka. Iliyobaki ikanunua tikiti mbili za kurudi, yangu na yake, na hakuna senti iliyobaki ya kununua sanduku la pili wala cha kulijaza.

Ndiyo maana nilishuka na sanduku dogo. Ndani mlikuwa na khanga ya mama mkwe, kanzu ya baba mkwe, udi kidogo, tende, na viatu vya mke wangu. Basi.

Mwanyumba alifika siku mbili baada yangu, maana tulipanga likizo zetu zikutane na Idd. Masanduku yake yalikuwa manne, na boksi la televisheni juu. Watoto wa mtaa walilibeba kama wanabeba bibi harusi. Kila mtu alipata, mpaka shangazi wa jirani ambaye hata jina lake hatukulijua. Na mkewe, shemeji yangu, alivishwa bangili sita za dhahabu mbele ya wanawake wote, tatu mkono huu, tatu mkono ule. Vigelegele vilisikika barabara ya pili.

Wiki hiyo nilikula chumvi ya maneno. Mama mkwe alinipakulia pilau bila kunitazama. Wanawake waliokuja kumpa mke wangu mkono wa Idd walimshika vifundo vya mikono, wakavigeuza, wakaviachia. Aliniambia hayo tukiwa wawili, akicheka, lakini jicho lilikuwa limemjaa machozi.

"Wajuta?" nikamuuliza.

"Mimi nataka kwenda," akasema. "Bangili nitavaa nikizeeka."

Siku chache kabla ya safari, mwanyumba aliniita barazani baada ya Magharibi. Mkewe alikuwa amemkalia kooni: mdogo wake aenda Dubai, yeye mkubwa abaki akifuta vumbi kwenye televisheni? Naye alikuwa amepata chumba karibu na kazini kwake, ila mwenye nyumba ataka hundi na benki imekataa kumpa kitabu.

"Niandikie cheki zako, mwanyumba. Nne tu. Haziendi benki, wallahi. Zakaa droo ya mwenye nyumba, mimi nampelekea pesa taslimu kila tarehe ikifika. Yule Mwarabu ni mtu mwema."

Kwa wasioijua Dubai hilo laonekana ombi dogo. Vijikaratasi vinne. Lakini walioitia hundi sahihi kwa ajili ya ndugu niliwajua, na mmoja alikuwa na kitanda katika chumba chetu cha Al Quoz mpaka siku polisi walipomjia kazini kwa deni ambalo hakulila yeye. Mwanyumba akikosa tarehe moja tu, na kwa kadi tatu angekosa, si yeye atakayeulizwa. Ni mwenye sahihi. Kazi yangu ingekwenda, chumba changu kingekwenda, na mke wangu angejikuta Ugiriki peke yake hajui hata duka liko wapi.

"Siwezi," nikamwambia.

"Ni mimi niliyekupokea."

Alilisema taratibu, na ndivyo lilivyoniumiza zaidi. Nikamwambia ningempa kitanda changu, ningempa mshahara wangu wa mwezi mmoja nikipata, lakini sahihi yangu simpi mtu. Akainuka akaingia ndani. Nilikaa pale barazani nikimsikia mama mkwe akiulizia ndani kuna nini, na nikajua sasa limekuwa la nyumba nzima.

Tukaitwa sebuleni sote. Baba mkwe alikaa akivuta tasbihi yake. Mama mkwe ndiye aliyesema, na alisema bila kupandisha sauti.

"Mwanangu, nina mabinti wawili. Siwezi kuona mmoja apanda ndege na mwingine abaki alia, na wewe waweza kuwasaidia wote kwa kalamu tu. Kama huyu mkubwa haendi, basi na mdogo abaki. Mtakuja kuwachukua wote pamoja Mungu akipenda."

Mke wangu alikuwa amekaa mkekani. Aliinamisha kichwa. Mimi hasira ilikuwa imenipanda. Ningeweza kumwaga mtama pale pale: kadi tatu, kiwango cha chini, simu za benki asizozipokea tena. Neno moja lingetosha. Lakini mtu aliyekulalia chini wiki nzima humvui nguo mbele ya mama mkwe wenu. Nikalimeza.

"Mama," nikasema, "nakuheshimu. Mke wangu akitaka kubaki abaki, na mimi nitarudi peke yangu nikilia njia nzima. Lakini cheki siandiki. Leo siandiki na mwakani siandiki. Nikiandika, hakuna hata mmoja atakayekuwa na pa kwenda."

"Mchoyo," mama mkwe akasema. Lilikuwa limemkaa mdomoni wiki nzima, hatimaye likatoka.

"Ndiyo, mama."

Hapo shemeji yangu, yule mkubwa, akamgeukia mumewe. Sikumtarajia kusema kitu. Ni mwanamke wa maneno machache.

"Benki kwa nini wamekunyima kitabu? Huyu mshahara wake mdogo na wamempa."

Mwanyumba akatazama televisheni, na televisheni ilikuwa imezimwa.

"Wadaiwa?" akamuuliza.

"Kila mtu Dubai adaiwa. Nalipa kidogo kidogo."

"Hizi bangili umezilipia?"

Tasbihi ya baba mkwe ilikuwa imesimama. Shemeji akaitazama mikono yake, kisha akaanza kuzivua. Zilikuwa zinambana, ilibidi akunje vidole na kuvuta, na hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza akazikusanya zote sita akamwekea mdogo wake mapajani.

"Vaa wewe ndani ya buibui mpaka mfike," akamwambia. "Huko mziuze, alipe madeni yake. Mimi nitangoja. Nimengoja miaka mingapi, nitangoja tena. Lakini akija kunichukua anichukue kwa jina lake."

Kisha akamwambia mumewe, kwa upole ambao mimi nisingeuweza, "Nani alikwambia nataka dhahabu? Mimi nilikuwa nakutaka wewe."

Mwanyumba alifunika uso kwa viganja akalia mbele yetu sote, mtu mzima na ndevu zake. Nikamwonea huruma mpaka nikatoka nje. Mama mkwe hakunitaka radhi na mimi sikumngojea. Ila usiku nilipoingia chumbani nilikuta sanduku langu limechukuliwa. Kulipokucha lilirudi limejaa achari, pilipili ya kusaga, bizari, papa mkavu aliyefungwa mifuko mitatu asinuke, na khanga kumi za binti yake. Mama mkwe mwenyewe akalikalia ili lifunge.

Uwanja wa ndege mke wangu alipita na bangili zote sita chini ya mikono ya buibui, zikigongana, kila akipita mlango wa ukaguzi zapiga kelele na yeye acheka. Zilikuwa nzuri, sikatai. Juma lililofuata tulikwenda Deira mimi na mwanyumba, soko la dhahabu, kwenye duka lile lile alilonunua. Muuzaji alizipima, akatoa gharama ya ufundi, na alichotulipa kilikuwa kidogo kuliko alichouzia. Mwanyumba hakubishana. Kilitosha kuua kadi moja na kuijeruhi ya pili. Tukatoka hapo mpaka benki, akaomba mkasi kwa dada mmoja wa kaunta, akaikata kadi mwenyewe.

"Sasa nami niite Birika," akaniambia tukingoja basi.

"Birika ni mimi. Wewe bado u kikombe."

Tulicheka mpaka watu wakatugeukia. Ilimchukua miaka miwili kumaliza yaliyobaki, na hakwenda likizo katikati. Kisha akamleta mkewe, kwa hundi zake, kwa jina lake. Mikono ya shemeji ilikuwa mitupu na hakuwahi kuifunika.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ya hayo yote ni asubuhi yangu ya kwanza kazini baada ya mke wangu kufika. Katika chumba cha watu sita mtu hujifunza kuvaa gizani. Wapo waliotoka zamu ya usiku, ukiwasha taa watakulaani wewe na ukoo wako. Kwa hiyo niliamka alfajiri hiyo, nikapapasa suruali, nikapapasa shati, nikawa nafunga vifungo kwa kuhesabu na vidole huku nimesimama kwenye kona, nimeshika pumzi ili nisimwamshe mtu.

Taa ikawaka. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, nywele zimemtimka, mkono bado uko kwenye swichi.

"Mbona wavaa gizani kama mwizi?" akaniuliza. "Si kwako hapa?"

Nilisimama pale Ugiriki na shati limefungwa upande upande, mwanga umejaa chumba kizima, hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika.